Heshima ya vita na mzigo wa wapagazi wa Tabora

Na Mwandishi Wetu, Tabora

KILA inapofika Julai 25, Watanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, na baada ya hapo huwekwa shada la maua, upinde na mishale, pamoja na shoka. Viongozi wa dini huomba dua, buruji hupulizwa, kisha umati hutawanyika.

Katika nchi nyingi siku ya namna hiyo huamsha mjadala: je, vita ni jambo la kuheshimiwa? Wapo wanaosema kwamba aliyevaa sare na kuwa tayari kufa kwa ajili ya wengine anastahili heshima bila masharti. Wapo pia wanaodai kuwa heshima hiyo ndiyo inayowarahisishia watawala kuanzisha vita, kwani marehemu akishaitwa shujaa hakuna tena anayethubutu kuuliza alikufa kwa sababu gani.

Nchini Tanzania mjadala huo haujapata kuwa mkali. Pengine ni kwa sababu vita vikubwa vya mwisho ambavyo taifa lilipigana, vile vya Kagera, vilikuwa na sababu iliyoonekana kwa macho. Lakini Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, una historia ndefu kuliko Kagera, na historia hiyo haitoi jibu la haraka.

Chukua jina la Mirambo. Kambi ya jeshi ya mjini Tabora inaitwa kwa jina lake, na shule ya sekondari mjini humo inaitwa Milambo, kwa matamshi ya wenyeji. Mtemi huyo wa Urambo, aliyefariki Desemba 1884, alikuwa miongoni mwa watawala wenye nguvu kubwa katika bara la Afrika Mashariki wakati wake. Mwaka 1871 vita vilizuka baina yake na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alijikuta upande wa Waarabu, akaona kikosi chao kikisambaratika, akalazimika kuzunguka kwa kusini ili afike Ujiji.

Kwa Tanzania iliyotafuta majina ya kujivunia baada ya uhuru, mtu wa namna hiyo alikuwa hazina. Alithibitisha kwamba kabla ya ukoloni palikuwapo dola, mbinu za kivita na viongozi wenye akili ya utawala. Hayo yote ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba rugaruga, vijana wapiganaji waliomfuata Mirambo na wenzake kama Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, waliishi kwa nyara. Kijiji kilichochomwa moto na rugaruga hakikuwa cha Waarabu wala cha Wazungu. Kilikuwa cha Wanyamwezi na majirani zao, na waliotekwa humo waliishia utumwani.

Jina lililoandikwa kwenye lango la kambi halisimulii hayo, wala si kazi yake kuyasimulia. Majina ya kambi huchaguliwa ili kumwambia askari anatokana na nani. Ndiyo maana kambi ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Colito, kwa jina la mahali nchini Ethiopia ambako askari wa King's African Rifles walipigana mwaka 1941, ilikuja kuitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliangamiza kikosi cha Wajerumani Agosti 17, 1891. Tabora nayo ina shujaa wa mfano huo, mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, boma lake lilipovunjwa na kikosi cha Tom von Prince, alijilipua katika ghala la baruti kuliko kukamatwa.

Kati ya Colito na Lugalo, hata hivyo, kuna tukio ambalo halisemwi sana kwenye maadhimisho. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi huko Colito wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku iliyofuata wenzao wa kikosi cha pili, kilichokuwa Tabora, nao wakaasi. Serikali changa, yenye umri wa miaka miwili tu tangu uhuru, ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza ili kuyazima maasi hayo Januari 25. Kwa Mwalimu Julius Nyerere hiyo ilikuwa fedheha ambayo hakuificha.

Hapo ndipo nchi ilipojifunza kuwa sare peke yake haileti heshima. Madai ya askari wale yalikuwa na msingi, maana mishahara ilikuwa duni na Mwafrika kupanda cheo ilikuwa shida. Lakini mtu mwenye bunduki anapodai haki yake kwa bunduki ile ile aliyopewa na wananchi, wananchi hawana namna ya kumjibu. Jeshi lile likavunjwa. Septemba 1, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mkuu wake wa kwanza akawa Mrisho Sarakikya, ofisa aliyekuwa na kikosi cha Tabora wakati wa maasi. Neno "wananchi" katika jina la jeshi hilo halikuwa pambo.

Utumishi wa kijeshi kwa raia nao ulikuwa na misukosuko yake. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963 na ambalo mkoani Tabora lina kambi ya Msange, lilikusudiwa kuwafundisha vijana kazi, nidhamu na ulinzi. Serikali ilipotangaza kwamba wasomi nao lazima waende kwa mujibu wa sheria, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 22, 1966 kupinga masharti yake. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaratibu wa lazima ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Mzazi anayempeleka mwanawe Msange leo haendi kumtoa mhanga wa vita; wengi hutumaini kijana atarudi na adabu, na pengine na ajira.

Kisha ikaja Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua, yakapora na kuangusha daraja la Mto Kagera. Jeshi lililokuwa dogo liliongezewa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yanahifadhi mamia ya waliokufa. Vita hivyo viligharimu fedha zinazokadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na waliokuwa watu wazima miaka ile hawajasahau foleni za sukari na sabuni zilizofuata. Lakini ni wachache waliowahi kusema Kaboya isipewe heshima.

Hayo yote, tangu Mirambo hadi Kaboya, ni habari za watu waliobeba silaha. Katika njia ya misafara, aliyekuwa na heshima yake tangu zamani ni mtu mwingine: mpagazi.

Kwa Wanyamwezi wa karne ya 19, kijana aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado hajakomaa. Alijitwika mzigo wa kilo 25 hadi 35, wa pembe za ndovu akishuka au wa nguo na shanga akipanda, akatembea miezi miwili au mitatu kuvuka Ugogo na nyika zake zisizo na maji. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, ameonesha kwamba wengi wa wapagazi hao walikuwa wafanyakazi huru wa ujira. Walijadiliana malipo na posho, walikuwa na viongozi wao, na walijua kugoma. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo, jambo ambalo haliwezi kufutwa. Lakini Mnyamwezi aliyerudi kutoka pwani na doti za nguo alipokewa kijijini kama mtu aliyefanya jambo kubwa, na hakuwa amemuua mtu yeyote.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa masafa marefu ulikuwa unakaribia kufa kifo cha kawaida, kama kazi nyingine zinavyokufa. Mwaka huohuo wa 1914 Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka Ulaya, na wapagazi wakatafutwa upya.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Barabara za magari hazikuwapo, na mvua ziligeuza njia kuwa tope. Ukiondoka kwenye reli, kila risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha ofisa kilisafiri kichwani mwa mtu. Na mtu huyo naye anakula. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku anaumaliza mzigo wake kwa siku 25, hata kabla hajaufikisha kwa askari. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyozidi kuingia porini, ndivyo lilivyohitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Hesabu hiyo ndiyo iliyoumiza nchi.

Uingereza peke yake inakadiriwa kutumia wapagazi wapatao milioni moja katika kampeni ya Afrika Mashariki. Wabelgiji, waliotokea Kongo na jeshi lao la Force Publique, walitumia zaidi ya 200,000. Wajerumani nao walikusanya mamia ya maelfu, wengi bila hesabu yoyote ya kudumu. Kwa upande wa Waingereza vifo vilivyoandikwa vya wapagazi ni takriban 95,000, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka jioni kwa kuni mbichi, na matumbo yao hayakustahimili.

Tofauti na misafara ya babu zao, safari hii hapakuwa na majadiliano ya ujira. Watemi waliamriwa kutoa watu, na penye upinzani watu walikamatwa. Kazi iliyompa kijana jina sasa ilimfanya mateka, na kwa yule aliyeijua kazi hiyo kama fahari ya kwao, unyonge huo ulikuwa mara mbili.

Tabora yenyewe ilikuwa makao ya serikali ya Wajerumani baada ya Dar es Salaam kuwa hatarini. Katika karakana ya reli mjini humo ndimo zilimofuliwa mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya hununuliana kwa bei kubwa. Septemba mwaka huo vikosi vya Jenerali Charles Tombeur vilikaribia kutoka kaskazini na magharibi. Palipiganwa vikali Lulanguru na Itaga, kisha Jenerali Kurt Wahle akaondoa majeshi yake, na Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakauingia mji. Walikaa hadi mapema mwaka 1917 walipowakabidhi Waingereza. Kila jeshi lililoingia na lililotoka lilichukua watu wa kubeba.

Mashariki zaidi kwenye njia hiyohiyo, huko Ugogo, majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala nguvu kazi. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000. Hao hawakuwa askari wala wapagazi, na hakuna orodha ya majina yao katika jeshi lolote.

Heshima iligawanywaje baada ya hapo? Tombeur alipewa ubaroni mwaka 1926 na kuruhusiwa kuongeza jina la Tabora kwenye jina lake, na katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipokewa Berlin kama mshindi ingawa nchi yake ilikuwa imeshindwa, na baadaye kambi na mitaa kadhaa ya Ujerumani ikaitwa kwa jina lake. Mingi ya mitaa hiyo imekwishabadilishwa majina katika miaka ya karibuni, baada ya Wajerumani wenyewe kuanza kuuliza alichokifanya.

Askari wa Kiafrika naye alipata sehemu. Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 inamwonesha askari mmoja na bunduki yake yenye singe. Ya Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 1928, angalau ina mpagazi miongoni mwa watu wake watatu. Jijini Dar es Salaam mpagazi alibaki katika jina tu: Kariakoo, kutokana na maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha kikosi cha wapagazi. Maelfu wanaonunua nyanya na simu pale kila siku hawana habari kwamba wanalitaja jeshi.

Hata makaburi yalikuwa na ubaguzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa mujibu wa barua za maofisa wa tume ya makaburi ya vita ya Uingereza, Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alipendelea makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Hakutaka kuzitafakari takwimu za Waafrika waliopoteza maisha. Kutokana na misimamo kama hiyo, makaburi mengi yaliachwa bila jiwe wala jina.

Suala la malipo nalo linasikitisha. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, na dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee wengi walikuwa wamepoteza vyeti, hivyo ofisa wa benki akamkabidhi kila mmoja fagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Watu huisimulia hadithi hiyo kwa kicheko. Lakini mtihani ule mpagazi asingeufaulu, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa bunduki, na hakuna aliyefikiria kumjaribu kwa kumtwika gunia.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Askari wale wa Mjerumani, ambao wengi walitoka Unyamwezi na Usukuma, ndio waliozima Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakachoma mashamba ya kusini na kusimamia unyongaji wa Songea. Kila Februari 27 taifa huwaenzi huko Songea wale walionyongwa mwaka 1906. Je, inawezekana nchi moja kuwaheshimu walionyongwa Songea na pia askari aliyeshika kamba? Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014, anawaeleza askari hao kama watu waliotafuta hadhi, mali na familia kupitia jeshi la mkoloni, si vibaraka wasio na akili wala mashujaa watiifu kama Wajerumani walivyopenda kuamini. Maelezo hayo yanasaidia kuwaelewa. Kuwaheshimu ni suala lingine, na ni halali kwa mjukuu wa Mngoni kukataa.

Kwa mpagazi pingamizi hilo halipo. Hakumlenga mtu, hakuchagua upande, na alichofanya kilikuwa kazi halisi. Bila yeye hakuna jenerali ambaye angefika Tabora. Kama heshima ya umma hutolewa kwa sababu ya mtu kuvumilia mateso kwa faida ya wengine, basi mizani yake inapaswa kuanzia kwake. Kwamba hakuanziwa yeye kunaonesha kuwa kilichokuwa kikiheshimiwa kwa muda mrefu ni silaha.

Mwaka 2021 tume hiyo ya makaburi, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba nyaraka za zamani zilizotunzwa na jeshi la Kenya zimetoa majina zaidi ya 3,000, baadhi yakiwa na kijiji alikotoka marehemu.

Kwa Tabora kazi ya namna hiyo itakuwa ngumu zaidi. Wapagazi wake walichukuliwa na majeshi matatu tofauti, kwa hiyo atakayetaka kuwatafuta itambidi apite London, Brussels na Berlin, akisoma vitabu vya posho na orodha za hospitali, ambamo jina la mtu mara nyingi liliandikwa na karani asiyejua kulitamka.